Rika Linapopungua

Katika Visiwa vyetu, mtu anapofariki dunia, habari hupelekwa redioni. Tangazo lina utaratibu wake, ambao kila msikilizaji wa Unguja na Pemba anaujua kwa moyo. Hutajwa jina la marehemu, mahali alipofia, saa ya maziko na msikiti atakaosaliwa. Kisha hufuata orodha ya jamaa. Hutajwa wazazi, wakiwa hai au wakiwa wametangulia. Hutajwa mke, watoto, kaka, dada, wajomba na mashangazi. Na walioko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Maskati huombwa wapokee habari hizo popote walipo. Ni orodha ndefu, nayo ina hekima, kwani inamkumbusha kila asikiaye kuwa hakuna mtu afaye peke yake. Lakini katika orodha hiyo yuko mmoja ambaye aghalabu hatajwi, naye ni rafiki.

Rafiki hana fungu katika mirathi. Mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa, nusu na robo na thumuni, thuluthi mbili na thuluthi moja na sudusi, na sahibu wa marehemu hamo, isipokuwa awe ameusiwa kitu katika ile thuluthi ambayo mtu ana hiari nayo. Rafiki hakai eda. Kazini kwake, akiomba ruhusa ya msiba, ataulizwa marehemu ni nani wake, na jawabu lake halitakuwa na uzito wa jawabu la ndugu. Huingia matangani pamoja na watu wengine, akasoma hitima, akala kilichopikwa, akawapa mkono wafiwa, kisha akarudi kwake. Naye pia amefiwa, lakini yeye hapewi mkono.

Tunayasema haya si kwa kulaumu mila wala sharia, kwani kila moja ina sababu zake na nafasi yake. Tunayasema kwa kuwa mwaka jana tulimzika mwenzetu wa rika moja nasi, na tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: rafiki anarithi nini? Baada ya kulitafakari suala hilo kwa miezi kadhaa, tumeona kuwa anarithi vitu viwili ambavyo havigawanywi mbele ya kadhi. Cha kwanza ni ushahidi. Cha pili ni utu uzima. Vitu hivi vinawahusu wananchi wote, na vinawahusu pia viongozi wa Serikali, na ndiyo maana tumeona vyema kuvizungumza katika safu hii.

Marehemu hatutamtaja jina, kwani hakupenda kutajwa, na jamaa zake wangali katika majonzi. Yatosha kusema kuwa tulikuwa naye chuoni, tukikaa mkeka mmoja na kusoma juzuu moja kwa zamu. Tulikuwa naye katika skuli ya Serikali, wakati ambapo kitabu kimoja kilitumiwa na wanafunzi watatu, na yeye, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hesabu, ndiye aliyepewa kukishika. Misimu ya karafuu tulichuma pamoja, tukilipwa kwa pishi, na fedha hiyo ndiyo iliyotununulia sare na viatu. Alipokuwa mkubwa akawa mwalimu, nasi tukaifuata njia ya kazi za Chama. Alikuwa na umri wa miaka 46. Madaktari walieleza kuwa mshipa wa damu ulipasuka kichwani, kwa sababu ya shinikizo la damu ambalo yeye mwenyewe hakuwahi hata siku moja kulilalamikia.

Msiba wa rika una tofauti na misiba mingine. Baba akifariki, mtu hulia kwa kuwa amekuwa yatima, lakini katika kulia kwake angali ni mtoto wa mtu. Babu akifariki, husemwa ameshiba siku zake. Mwenye rika lako akifariki, udhuru wote umekwisha. Siku ya maziko ya mwenzetu, palipohitajika watu wazima wa kuingia kaburini kumpokea maiti, tuligeuka nyuma kuwatazama wakubwa. Nyuma yetu walikuwa wamesimama vijana, nao walikuwa wakitutazama sisi.

Hapo ndipo uzee unapoanza. Hauanzi kwa mvi, kwani ziko mvi za miaka ishirini na tano. Hauanzi kwa miwani ya kusomea wala kwa maumivu ya magoti wakati wa kurukuu. Uzee huanza siku ile mtu anapogeuka kumtafuta mkubwa, akakuta mkubwa ni yeye.

Tumeona kuwa wenzetu wengi, yanapowafika haya, huchagua mojawapo ya njia mbili, na zote mbili hazifai. Wako wanaoukataa umri. Hao hutia rangi nywele na ndevu, hung'ang'ania viti vya vijana katika jumuiya na vilabu, na huchukia wanapoamkiwa kwa heshima. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 umemaliza ujana katika miaka 35. Lakini katika vikao vyetu hamkosi kijana wa miaka 48 anayesema kwa niaba ya vijana, hali vijana wenyewe wamekaa nyuma wakimsikiliza. Wa pili ni wale wanaousalimia umri kwa kukata tamaa. Hao, baada ya kumzika mwenzao mmoja au wawili, huanza kusema kuwa wao sasa ni watu wa kungoja tu. Huacha shamba, huacha vikao, huacha hata kuzungumza na watoto wao, na huko kuacha wakakuita uchaji.

Ukweli ni kuwa miaka arobaini na ushei haikuwekwa iwe miaka ya kungoja. Qur'ani Tukufu imeutaja umri wa miaka arobaini pale inapoeleza mtu kutimia nguvu zake, na imeutaja pamoja na shukrani kwa wazazi na maombi ya kheri kwa kizazi. Yaani mtu wa umri huo amesimama kati, ana watu nyuma yake na watu mbele yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 nayo imeweka kuwa anayegombea Urais awe ametimiza miaka 40. Dini na dola, kila moja kwa njia yake, zimeuona umri huu kuwa ni umri wa kubebeshwa amana. Sasa amana yenyewe ni ipi kwa mtu wa kawaida, ambaye hatagombea Urais wala hatakuwa mwanachuoni? Tutaieleza kwa mfano wa jambo lililotokea baada ya msiba huo.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, marehemu alipanda mikarafuu kumi na minane katika sehemu ya shamba lililokuwa likitumiwa na mjomba wake, kwa idhini ya mjomba huyo. Katika nchi yetu jambo hilo si geni. Ardhi ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini mti una mwenyewe, na hutokea mti wa mtu mmoja ukasimama katika shamba la mwengine kwa miaka mingi bila ya ugomvi, maadamu wako watu wanaoijua asili yake. Hapakuandikwa kitu. Mashahidi walikuwa wawili, sisi na mwenzetu wa tatu tuliyesoma naye chuo kimoja. Mjomba alifariki, baadaye akafariki yule wa tatu, na mwaka jana akafariki mwenye miti.

Ulipofika msimu, watoto wa marehemu walikwenda kuchuma, na watoto wa mjomba wakawazuia. Hapakuwa na dhuluma baina yao. Watoto wa mjomba walikuwa wadogo wakati miti ikipandwa, nao walisema kuwa habari hiyo hawaijui, na walisema kweli. Shauri likapelekwa kwa sheha. Tukaitwa, tukasema tulilolijua. Sheha akauliza shahidi wa pili yuko wapi. Tukajibu kuwa yuko makaburini.

Ikawa kimya. Sheha, ambaye ni mtu wa busara, akauliza kama yuko mtu mwengine yeyote aliyekuwa akiishi katika mji ule wakati huo. Ndipo mmoja alipokumbuka kuwa yuko mjane wa mjomba, bibi aliyepindukia miaka themanini, ambaye siku hizi haonekani sana nje. Akaletwa, akakalishwa kitini, akaelezwa. Akasema kuwa siku ile vijana watatu walichimba mashimo tangu alfajiri, na yeye ndiye aliyewapikia muhogo wa nazi. Na akataja kuwa mashimo yalikuwa ishirini, miche miwili ikafa kwa jua la mwaka huo. Wanawe wakasimama wakasema maneno ya mama yao yamewatosha, na shauri likesha pale pale bila ya kufika mahkamani. Wakati watu wanainuka, bibi yule akasema kwa sauti ndogo: "Nilikuwamo humu ndani siku zote. Hapana aliyeniuliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike. Katika jambo moja dogo la miti kumi na minane mnaonekana hasara mbili. Moja ni kuwa mashahidi wa rika letu wanakwisha, nao hawatoi notisi. Nyengine ni kuwa mashahidi wa rika lililo mbele yetu wangalipo, wamekaa majumbani, na hawaulizwi. Anayefiwa na rafiki anakuwa kama aliyeachiwa nusu ya daftari. Yale waliyoyajua wawili sasa anayajua mmoja, na yeye mmoja naye ana siku zake.

Tulitazame jambo hili kwa upana wa nchi. Sensa ya mwaka 1978 iliwakuta Zanzibar watu wapatao 476,000. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 1,889,773. Katika muda wa miaka 44 tumekaribia kuwa mara nne ya tulivyokuwa, na sehemu kubwa ya watu hawa wamezaliwa baada ya mambo ambayo wazee wetu waliyaona na rika letu lilisimuliwa. Wanaojua mpaka wa shamba hili ulipita wapi, kisima hiki kilichimbwa na nani na kwa sharti gani, njia hii ya kwendea pwani iliachwa kwa makubaliano yapi, ni wachache kila mwaka. Watu wanaongezeka, ardhi ni ile ile, na kumbukumbu inapungua. Ugomvi haupati mbolea bora kuliko hiyo.

Basi jambo la kwanza tunalowasihi wananchi wenzetu waliofikia umri wetu ni kuandika. Dini imetuhimiza kuandika madeni na kuyashuhudisha, na haikusema tungoje maradhi. Mwenye mti katika shamba la mwengine, mwenye deni, mwenye amana ya mtu, aandike leo, mashahidi wake wakiwa hai na wakiwa na akili zao, na nakala moja iwekwe kwa mtu asiyekuwa mrithi. Hilo si kujitabiria kifo. Mtu anayefunga hesabu za duka jioni hajasema kuwa kesho hatafungua.

Jambo la pili ni mwili. Shinikizo la damu ni ugonjwa wa kimya. Linaweza kukaa na mtu miaka bila ya kumwonesha dalili yoyote, likiuharibu moyo, figo na mishipa ya kichwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.28, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 79, wana ugonjwa huo, na kwamba karibu nusu yao hawajijui. Kipimo chake hakina sindano wala maumivu, ni mkanda wa mkononi na dakika chache. Shirika hilo hushauri pia kuwa chumvi isifike gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa pamoja na ile iliyomo katika ng'onda na papa tunaowapenda. Wanaume wa Visiwa hivi tuna tabia ya kuiona hospitali kuwa ni mahali pa wanawake na watoto, mpaka tuchukuliwe kwa machela. Tabia hiyo imekwisha tugharimu marafiki.

Jambo la tatu ni watoto wa rafiki. Sharia haikutulazimisha kuwalisha, kwani wana walii wao. Lakini kuna chakula ambacho walii hawezi kuwapa naye hanacho: habari za baba yao alipokuwa na umri kama wao. Mtoto wa marehemu, aliye katika kidato cha pili, alitujia siku moja akauliza kama ni kweli baba yake aliwahi kufeli mtihani. Tulimwambia ni kweli, na tukamweleza ulikuwa mtihani gani, na alivyolia, na alivyorudi kusoma kwa taa ya chemni mpaka akafaulu. Mama yake hakuyajua hayo, wala ami zake. Kijana alicheka, akatoka akiwa amepata kitu cha baba yake ambacho hakikuwemo katika mirathi.

Sasa tuelekee kwa viongozi wa Serikali. Haki yao tuitamke kwanza. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, awe mzee aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango ambacho baadaye kiliongezwa. Kwa wasio na jamaa wa kuwatunza zipo nyumba za wazee za Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani hapa Pemba. Mambo haya ni ya kujivunia. Dunia nzima ilikutana Vienna mwaka 1982 kuzungumzia uzee kwa mara ya kwanza katika Baraza la Dunia lililoitishwa na Umoja wa Mataifa, na tangu mwaka 1991 tarehe 1 Oktoba imekuwa Siku ya Wazee Duniani. Na Visiwa vidogo kama vyetu havikubaki nyuma.

Lakini fedha na paa si vyote anavyovihitaji mzee. Bibi yule wa mikarafuu hakulalamika kuwa hana fedha. Alilalamika kuwa hakuulizwa. Hivyo tunapendekeza mambo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa. La kwanza, kila shehia iweke siku maalumu ambapo wazee watakaa pamoja na sheha na vijana wawili watatu wanaojua kuandika vizuri, na yaandikwe yanayojulikana kuhusu miti, mipaka, visima na njia, mbele ya wote, kabla ya ugomvi na si baada yake. La pili, pale wazee wanapokusanyika kupokea pensheni yao au huduma nyengine, pawepo na mhudumu wa afya mwenye kipimo cha shinikizo la damu, na apimwe mzee pamoja na mtu mzima aliyemsindikiza. Aghalabu aliyemsindikiza ndiye wa umri wetu, na ndiye asiyekwenda kupimwa kwa hiari yake.

Wastaafu nao wasisahauliwe. Mtumishi wa umma anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 huondoka na kiinua mgongo chake na hotuba ya kumuaga, lakini mara nyingi huondoka pia na mambo yasiyomo katika faili lolote. Ofisi inayomwita mara mbili tatu kwa mwaka ili aulizwe haimfanyii hisani yeye. Inajifanyia hisani yenyewe. Waliotutangulia walisema palipo wazee haliharibiki neno. Sharti la msemo huo ni kuwa neno lenyewe lifikishwe kwa wazee.

Hatudai kuwa haya yanaondoa uchungu. Kuna maneno ambayo yeye mmoja tu alikuwa akiyafahamu bila ya kuelezwa, na sasa yamekuwa maneno yasiyo na msikilizaji. Hilo halina dawa, na anayesema linayo hajafiwa na rafiki. Lakini huzuni inaweza kukaa nyumba moja na kazi. Wahenga walisema ukubwa ni jaa; mkubwa hubebeshwa kila kitu, cha haki na kisicho cha haki, naye hana budi kupokea. Rika letu limefika penye jaa hilo, na vijana waliosimama nyuma yetu wanangoja kuona tutapokea au tutageuka.

Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane hivi, na ukitunzwa huweza kuishi kupita miaka mia. Aupandaye leo akiwa na umri wa miaka 45 ataanza kuchuma akiwa amekwisha pindukia hamsini, na sehemu kubwa ya mavuno yake itachumwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Mvua za masika zikianza, na miche ikapatikana, mwenye nafasi na apande. Apande pamoja na mwenziwe wa rika, ikiwa angalipo, wamwite na kijana mmoja awachimbie mashimo, na kabla ya magharibi waandike ni mingapi, imepandwa wapi na ni ya nani.